Maswali na majibu: Askofu msaidizi ni askofu wa nani?

Msimu wa Kipaimara ukifika, maswali kuhusu maaskofu wasaidizi huja kwa mkupuo. Safari hii yamekuwa mengi, nikaona niyajibu kwa pamoja. Mengine nimeyafupisha. Mawili nimeyaunganisha kwa sababu yaliuliza jambo lilelile, moja kwa upole na lingine kwa hasira. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa karani katika ofisi ya jimbo, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyaona kwa macho yangu. Mengine nimeyatoa kwenye Sheria za Kanisa, toleo la mwaka 1983, ambalo ndilo linalotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake.

Swali: Mwanangu wa tatu amepewa Kipaimara na askofu msaidizi kwa kuwa askofu mwenyewe alikuwa safarini. Jirani yangu anasema wale wawili wa kwanza ndio waliopata Kipaimara chenyewe. Je, kuna tofauti? (Mama wa watoto watatu)

Jibu: Hakuna, mama. Mwanao amepata kilekile walichopata kaka zake. Askofu msaidizi si nusu askofu wala askofu mwanafunzi. Amewekewa mikono na maaskofu wenzake, amepakwa Krisma, yaani mafuta matakatifu, kichwani, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba anayewekwa wakfu kuwa askofu hupokea utimilifu wa Daraja Takatifu. Utimilifu haugawanywi vipande. Tena hata padre aliyepewa ruhusa kisheria anaweza kutoa Kipaimara na kikawa halali, sembuse askofu.

Jirani yako amechanganya mambo mawili, na karibu maswali yote niliyopokea yanatokana na mchanganyo huohuo. Kuna daraja na kuna utawala. Daraja ya askofu msaidizi ni yake, hakuna wa kumnyang'anya. Utawala alionao jimboni ni wa kuazima: nani apadirishwe, paroko gani ahamishwe, parokia mpya ianzishwe wapi, hayo huamuliwa na askofu wa jimbo. Msaidizi anaweza kumpadirisha shemasi kwa mikono yake, lakini uamuzi kwamba shemasi huyo yuko tayari unakuwa umeshatiwa saini na mwingine.

Niliwahi kuombwa siku ya Kipaimara nishike trei yenye pamba, vipande vya mkate na limao, vya kumsafishia askofu vidole baada ya kupaka Krisma. Watoto walikuwa zaidi ya mia mbili, kila mmoja na kadi ya jina kifuani. Askofu msaidizi yule hakusoma kadi hata moja. Aliinama, akamuuliza kila mtoto jina lake, akalitamka, ndipo akampaka. Foleni ilikwenda polepole, paroko akawa anaangalia saa. Tulipofika mwisho kidole gumba chake kilikuwa kimelainika na kukunjamana kama cha mtu aliyeshinda akifua. Sidhani kama kuna mtoto pale aliyejiuliza kama huyo alikuwa askofu mwenyewe.

Swali: Kwenye kadi ya kumbukumbu ya kuwekwa wakfu kwake, askofu wetu msaidizi ameandikwa kuwa ni askofu wa mahali nisipopafahamu. Nilipotafuta kwenye ramani nikakuta ni magofu tu. Kwa nini apewe jimbo lisilo na watu? (Mwanakwaya)

Jibu: Hili nalipenda. Kwa mapokeo ya Kanisa askofu hawekwi wakfu aelee hewani. Lazima aunganishwe na Kanisa fulani. Lakini jimbo moja haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Kwa hiyo askofu msaidizi hupewa jina la jimbo la kale lililokufa. Mengi yako Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na katika Uturuki ya leo: miji iliyokuwa na maaskofu katika karne za mwanzo, kisha vita, uhamaji na mabadiliko ya dola vikawaondoa Wakristo, likabaki jina. Zamani majimbo hayo yalitajwa kwa Kilatini kuwa yako katika nchi za wasioamini, mpaka mwaka 1882 Papa Leo XIII alipoagiza maneno hayo yaachwe. Kuwaambia watu kwamba nchi yao ni ya wasioamini haikuwa adabu nzuri.

Mifano? Maurice Otunga alipoteuliwa askofu msaidizi wa Kisumu mwaka 1956 alipewa jina la Tacape, ambayo leo ni Gabès, Tunisia. Jorge Mario Bergoglio, aliyekuja kuwa Papa Fransisko, alikuwa askofu wa Auca, jimbo la kale la Hispania. Naye Karol Wojtyła, baadaye Yohane Paulo II, alipewa jimbo la kale la Misri liitwalo Ombi. Kwa sisi tunaosema Kiswahili, jina hilo limekaa vizuri mno: askofu wa Ombi.

Jimbo la namna hiyo halina kazi, halina mapato, wala askofu hatakiwi kwenda kulitembelea. Ila kuna mmoja aliyelipa lake uhai, ingawa hakuwa msaidizi. Askofu Jacques Gaillot wa Ufaransa, alipoondolewa jimboni Évreux mwaka 1995, alipewa jina la Partenia, jimbo la kale huko Algeria lisilo na mtu hata mmoja. Akafungua tovuti kwa jina hilo na kuifanya jimbo lake, lenye waamini waliotawanyika duniani kote. Roma haikuwa imepanga hivyo.

Swali: Mtu anapataje uaskofu msaidizi? Anaomba? Anapigiwa kura? Na akikataa je? (Mseminari)

Jibu: Haombi, mwanangu, na ukimwona padre anaanza kujipitisha-pitisha ujue ndiyo njia ya kutopata.

Safari huanza kwa askofu wa jimbo mwenyewe. Jimbo likimwelemea kwa ukubwa, au afya yake ikidhoofika, anaiomba Roma impe msaidizi. Kanuni ya 377 inamtaka apeleke majina ya mapadre wanaofaa, yasiyopungua matatu. Hapo Balozi wa Papa katika nchi husika anaanza uchunguzi. Anatuma barua za maswali kwa maaskofu, mapadre, watawa na walei wanaomfahamu mtajwa: imani yake, tabia yake, anavyohubiri, anavyoishi na watu, afya yake, hata fedha anazishikaje. Barua hizo zimefungwa na siri ya kipapa. Ukiipokea hutakiwi hata kumdokezea mtu kwamba umeulizwa. Majibu yakikusanywa yanakwenda Roma kwenye dikasteri, yaani idara ya Papa, inayohusika, na mwisho mezani kwa Papa, ambaye anaweza kuchagua mmoja wa hao watatu au akamtafuta mwingine kabisa.

Sheria inataka mtu awe ametimiza angalau miaka 35, awe padre kwa miaka 5 au zaidi, mwenye sifa njema, na msomi wa Maandiko, teolojia au sheria za Kanisa kwa kiwango cha juu, au walau mjuzi wa kweli wa fani hizo. Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, iliridhika na miaka 30, na ndiyo maana Otunga aliweza kuteuliwa akiwa na miaka 33.

Kukataa kunaruhusiwa. Mteule huulizwa kwanza na Balozi, na jibu lake ndilo linaloamua kama jina litatangazwa. Namna ya kuulizwa hutofautiana. Julai 1958 Wojtyła alikuwa likizoni na vijana wake, wakipiga makasia mtoni. Akaitwa Warsaw kwa Kadinali Stefan Wyszyński, akaambiwa ameteuliwa askofu msaidizi wa Kraków, akakubali, kisha akarudi mtoni kumalizia likizo. Bergoglio yeye, Mei 1992, alikutana na Balozi Ubaldo Calabresi katika uwanja wa ndege wa Córdoba. Wakazungumza mambo mengine kabisa, na ndege ilipokuwa karibu kuondoka Balozi akamtajia, kama mtu aliyekuwa amesahau, kwamba ameteuliwa askofu msaidizi wa Buenos Aires na siku ya kutangazwa imeshapangwa.

Tangazo lenyewe hutoka Roma, kwa kawaida saa sita mchana kwa saa za huko. Mpaka dakika hiyo mteule anakaa kimya. Nilimfahamu mmoja aliyekaa na siri hiyo akiwa anaendelea kugawa zamu za kufagia kanisa na kugombana na fundi wa bomba. Tulipolisikia jina lake, fundi ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

Baada ya hapo ana miezi mitatu tangu apokee barua ya Papa awe amewekwa wakfu. Adhimisho lenyewe wengi mmeliona, kwa hiyo nitaje kitu kimoja tu. Askofu anayeweka wakfu, pamoja na wengine wasiopungua wawili, humwekea mteule mikono kichwani bila kutamka neno. Kisha mashemasi wawili wanashika Kitabu cha Injili kikiwa wazi juu ya kichwa chake muda wote wa sala ya kumweka wakfu. Mkienda tena, acheni simu mfukoni kwa dakika hizo.

Na kuna tendo jingine ambalo watu hawalioni. Ili aingie rasmi katika wadhifa, askofu msaidizi anamwonyesha askofu wa jimbo ile barua ya Papa mbele ya kansela, yaani mtunza nyaraka wa jimbo, na kansela anaandika kumbukumbu. Nilikuwepo chumbani mara moja. Meza, daftari kubwa lenye jalada gumu, kalamu iliyogoma kutoa wino, watu wanne. Askofu wa jimbo akaisoma barua yote kwa sauti ingawa sote tulijua imeandikwa nini. Dakika kumi, kazi imekwisha. Maelfu waliokuja kwenye sherehe hawakujua kwamba kisheria mambo yalikamilika kwenye chumba kile.

Swali (yale mawili niliyoyaunganisha): "Naomba kueleweshwa: askofu wa jimbo akifariki, msaidizi ndiye anayerithi?" (Katekista mstaafu). Na la pili: "Askofu wetu amefariki. Msaidizi yupo, amefanya kazi hapa miaka saba, anatujua. Tunasikia mapadre wachache wamekaa kikao na kumchagua padre awe Msimamizi wa Jimbo. Huu si uonevu?" (Mwamini mwenye uchungu)

Jibu: Poleni kwa msiba. Nianze na la katekista, maana likieleweka hasira ya la pili itapungua, ingawa sidhani kama itaisha.

Kuna askofu msaidizi na kuna askofu mwandamizi. Mwandamizi huteuliwa akiwa na haki ya kurithi. Siku ile askofu wa jimbo anapofariki, au Papa anaporidhia ajiuzulu, mwandamizi anakuwa askofu wa jimbo papo hapo, bila uteuzi mwingine. Msaidizi hana haki hiyo, na kanuni ya 403 inatamka hivyo bila kuzunguka. Bergoglio alivaa kofia zote mbili: msaidizi tangu 1992, mwandamizi tangu Juni 1997. Habari ya kuwa mwandamizi aliipata mezani kwa Balozi yuleyule wa uwanja wa ndege. Chakula kilipokwisha ikaletwa keki na mvinyo, naye akadhani ni siku ya kuzaliwa ya mwenyeji wake. Kadinali Antonio Quarracino alipofariki tarehe 28 Februari 1998, Buenos Aires haikukaa bila askofu mkuu hata saa moja.

Sasa mahali penye msaidizi tu. Askofu akifariki, jimbo liko wazi. Kwa siku za mwanzo kabisa, kama Roma haijaelekeza vingine, msaidizi ndiye anayelishika. Wakiwa wawili au watatu, ni yule aliyeteuliwa zamani zaidi. Lakini ndani ya siku 8 Jopo la Washauri, ambalo ni mapadre kati ya 6 na 12, linatakiwa kumchagua Msimamizi wa Jimbo. Linaweza kumchagua msaidizi. Linaweza pia kumchagua padre yeyote mwenye sifa aliyetimiza miaka 35. Hao ndio "mapadre wachache" waliokuudhi, ndugu yangu. Walikuwa wanafanya wanachotakiwa na sheria, na ndani ya muda waliopewa.

Je, msaidizi wenu amevuliwa kitu? Hapana. Kanuni ya 409 inamwachia mamlaka yote aliyokuwa nayo kama makamu wa askofu, mpaka askofu mpya atakaposhika jimbo. Makamu wa kawaida, ambaye ni padre, madaraka yake hukoma jimbo linapokuwa wazi. Ya msaidizi hayakomi. Ila atayatumia chini ya Msimamizi. Ndiyo, hapo askofu anakuwa chini ya padre kiutawala. Najua linakwaza masikio. Ni daraja na utawala vilevile nilivyomweleza yule mama.

Kwa nini wasimchague tu msaidizi? Mara nyingi humchagua. Askofu Mkuu Eugeniusz Baziak wa Kraków alipofariki Juni 1962, aliyechaguliwa kushika jimbo alikuwa msaidizi wake Wojtyła, na alilishika mpaka alipoteuliwa mwenyewe kuwa askofu mkuu Januari 1964. Wakati mwingine Washauri wanaona busara kumpumzisha, hasa kama jina lake linatajwa-tajwa. Binafsi naona kumruka msaidizi anayependwa kunahitaji maelezo kwa waamini, hata kama sheria haidai. Kikao chenu kingewaelezeni kidogo, barua yako pengine isingeandikwa.

Swali: Nasimamia watumikiaji. Askofu msaidizi akija anakaa wapi, fimbo anashika, na jina lake linatajwa wapi katika Misa? Kila parokia inafanya yake.

Jibu: Kweli kila parokia inafanya yake. Mitra (ile kofia ya kiaskofu), pete na msalaba wa kifuani ni vyake, sawasawa na askofu mwingine. Fimbo ya kichungaji ni alama ya kuchunga eneo, kwa hiyo askofu yeyote asiye wa jimbo huishika kwa ridhaa ya mwenye jimbo. Msaidizi anapoongoza Misa aliyotumwa, ridhaa hiyo ipo tayari. Maaskofu wakiwa kadhaa, anayeongoza ndiye pekee anayeishika. Msiwagawie fimbo kama matawi siku ya Dominika ya Matawi.

Kiti ndicho chenye mtego. Kiti cha kiaskofu ndani ya kanisa kuu, kathedra, ni cha askofu wa jimbo. Hata siku ya kuwekwa wakfu utaona tofauti: askofu wa jimbo akiwekwa wakfu katika kanisa lake huongozwa kwenda kuikalia kathedra, lakini msaidizi huongozwa kwenye nafasi ya kwanza kati ya maaskofu wanaoadhimisha pamoja. Niliwahi kumwona mwongoza ibada akimwelekeza msaidizi kwenye kathedra. Msaidizi alitabasamu, akakata kona, akajivutia mwenyewe kiti cha pembeni, na kile kiti kikalia sakafuni kanisa zima likasikia. Mwekeeni kiti chake mapema.

Katika Sala ya Ekaristi anatajwa Papa, kisha askofu wa jimbo. Msaidizi anaweza kutajwa baada yake, si lazima. Wakiwa wengi hawatajwi kwa majina, inatosha kusema maaskofu wasaidizi. Asitajwe msaidizi huku askofu wa jimbo akiachwa. Nimeyasikia hayo, na kwa masikio ya msaidizi mwenyewe ni aibu, si heshima.

Swali: Uaskofu msaidizi ni ngazi ya kupandia, au ni mahali pa kuwekea watu wasioenda popote?

Jibu: Umeuliza kwa ukali, lakini umeuliza wanachonong'ona wengi. Historia inakujibu kwa pande zote mbili.

Kuna waliopita. Otunga alikaa Kisumu miaka michache, mwaka 1960 akawa askofu wa kwanza wa Kisii, 1969 akateuliwa mwandamizi wa Nairobi, 1971 akawa askofu mkuu na 1973 kadinali. Óscar Romero alikuwa msaidizi wa San Salvador kuanzia 1970, akapelekwa Santiago de María mwaka 1974, akarudi San Salvador kama askofu mkuu mwaka 1977 na kuuawa altareni tarehe 24 Machi 1980. Waliomfahamu akiwa msaidizi walimwona mtu wa makabrasha, mwoga wa malumbano. Eusebius Nzigilwa alikuwa msaidizi Dar es Salaam tangu 2010, mwaka 2020 akapewa jimbo la Mpanda.

Na kuna waliobaki. Thomas Gumbleton aliteuliwa msaidizi wa Detroit mwaka 1968, akastaafu 2006 akiwa bado msaidizi: miaka 38, akijulikana Marekani nzima kwa kupinga vita. Method Kilaini alihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba mwaka 2009, msaidizi kule, msaidizi huku. Hélder Câmara hakusubiri kupewa jimbo ndipo afanye kitu: akiwa msaidizi wa Rio de Janeiro, mwaka 1952, alisimamia kuundwa kwa Baraza la Maaskofu wa Brazil na akawa katibu mkuu wake kwa miaka 12. Jimbo lake mwenyewe, Olinda na Recife, alilipata 1964.

Anayenivutia zaidi ni Gregorio Rosa Chávez. Msaidizi wa San Salvador tangu 1982. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimfanya kadinali na kumwacha palepale. Fikiria hali hiyo: askofu mkuu wake hakuwa kadinali. Mwadhama anapokea ratiba ya wiki kutoka kwa Mhashamu. Alistaafu mwaka 2022, msaidizi vilevile.

Swali: Wakikosana na askofu wa jimbo, anaweza kumfukuza?

Jibu: Hawezi. Amemwomba, lakini aliyemteua ni Papa, na Papa ndiye pekee anayeweza kumwondoa au kumhamisha. Sheria imemwekea ulinzi zaidi: askofu wa jimbo anatakiwa kumfanya msaidizi makamu wake mkuu, au angalau makamu wa eneo au shughuli fulani, na wadhifa huo hauondolewi kienyeji kama wa padre. Pia anatakiwa amshauri yeye kabla ya wengine katika mambo mazito, na kazi za kiaskofu ambazo msaidizi anaweza na yuko tayari kuzifanya asizoee kumpa mtu mwingine.

Hayo ni maandishi. Maisha yenyewe ni ya watu wawili wanaokula meza moja. Nilimwona msaidizi mmoja akishika karatasi ya uhamisho wa mapadre ili aisome hadharani, na usoni pake ungejua kwamba ndiyo kwanza anaiona. Aliisoma yote kwa utulivu. Baada ya Misa mapadre watatu waliohamishwa walimfuata yeye, maana ndiye wanayeweza kumlalamikia, naye akawasikiliza mpaka jioni akitetea uamuzi asioujua ulikotoka. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Safari, vumbi na Kipaimara kila Jumamosi na Jumapili havimchoshi mtu kama kusimama katikati.

Swali fupi fupi, majibu mafupi.

Anapiga kura ya kumchagua Papa? Hapana, isipokuwa awe kadinali asiyetimiza miaka 80. Lakini kwenye mtaguso mkuu wa Kanisa lote ana kura kamili, sawa na askofu yeyote. Katika Baraza la Maaskofu la nchi ni mjumbe kwa haki. Kura yake kuwa ya maamuzi au ya ushauri inategemea katiba ya baraza hilo.

Anastaafu lini? Akitimiza miaka 75 anaombwa kumwandikia Papa barua ya kujiuzulu. Lile jina la jimbo la kale anabaki nalo mpaka kufa. Askofu wa jimbo akistaafu huitwa askofu mstaafu wa jimbo lake, msaidizi anaendelea kuwa askofu wa magofu yake.

Akiwa mtawa, anaacha shirika? Haachi, ila kwa utii sasa yuko chini ya Papa peke yake. Kama aliweka nadhiri ya kutomiliki kitu, anavyopewa anavitumia tu, na kwa askofu msaidizi mali hizo kwa kawaida ni za shirika lake. Mkimpa gari la zawadi, jueni mnampa nani.

Swali la mwisho: Tunamtarajia askofu msaidizi parokiani wiki ijayo. Bango liandikwe nini, na tumwiteje? (Kamati ya mapokezi)

Jibu: Kwenye barua na bahasha andikeni wadhifa wote: Mhashamu Baba Askofu, jina lake, Askofu Msaidizi wa Jimbo la mahali fulani. Mkiwa naye uso kwa uso, Baba Askofu inatosha. Hakuna anayesema "karibu Baba Askofu Msaidizi, maji ya kunawa haya hapa". Bangoni wekeni "Karibu Baba Askofu" na jina lake. Msiandike "Karibu Askofu wa Jimbo letu", kwa sababu picha zitapigwa, na askofu wa jimbo ana simu. Kama limeshachapwa hivyo, panga maua yaanguke vizuri juu ya maneno matatu ya mwisho.